Panga metali mwenyewe: mwongozo wa siki, misumari na mrututu

Potasiamu, sodiamu, kalisi, magnesi, alumini, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha, dhahabu. Mwanafunzi wa sekondari huikariri orodha hii ya metali, kuanzia inayomenyuka kwa nguvu zaidi hadi iliyo mvivu kuliko zote, usiku wa kuamkia mtihani, anaiandika asubuhi, na wiki inayofuata imeshamtoka. Sina ugomvi na kukariri. Ila sehemu nzuri ya orodha hiyo imo nyumbani kwenu tayari: sufuria, bati, msumari, waya wa umeme. Ukiipanga kwa kuona kwa macho metali ipi inaliwa na asidi na ipi inagoma, haitakutoka, na utajua pia kwa nini ndoo ya bati haifai kuchanganyia mrututu (salfeti ya shaba, dawa ya bluu ya ukungu wa mimea), na kwa nini sufuria hufifia na kuwa nyeusi ukipika maharage kwa magadi.

Nimeandika nikiwafikiria wanafunzi na walimu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, hasa wale ambao maabara yao ni chumba chenye meza tupu. Kila kitu hapa kinapatikana Mwanjelwa, Makambako au Mafinga bila kuagiza Dar.

Vitu vya kutafuta

Siki nyeupe, chupa moja. Siki ya dukani ni maji yenye asidi ya asetiki kama asilimia 5. Ya kahawia inafanya kazi ileile ila rangi yake itakuficha mambo. Ndimu chache. Misumari ya kawaida isiyo na kutu, na misumari ya bati mipya yenye kichwa kipana, ambayo juu imepakwa zinki. Kipande cha waya wa umeme ulioumenywa ubaki shaba tupu, ile mafundi wanaiita kopa. Kwa alumini, muombe fundi anayeziba masufuria akupe kipande cha sufuria iliyokufa. Halafu msasa, chumvi ya mezani, bikaboneti ya kupikia (usiletewe hamira, hiyo ni fangasi hai na haina kazi hapa), chokaa nyeupe ya kupaka ukutani, na rozela kavu ya juisi.

Kinachohitaji jicho ni mrututu. Nenda duka la pembejeo, waeleze ni wa majaribio ya shule, vijiko viwili vya chai vinatosha darasa zima. Mrututu wa kweli ni chenga za bluu iliyoiva ambazo zikiwekwa kwenye maji zinayeyuka zote na maji yanabaki angavu. Duka hilohilo lina dawa nyingine za shaba za ukungu wa kahawa na nyanya, za unga wa kijani au bluu, ambazo haziyeyuki. Zinaelea kidogo kisha zinatuama chini. Hizo hazitakupa jaribio lolote. Na mrututu ni sumu ya kumeza, kwa hiyo glasi na kijiko vitakavyoushika visirudi jikoni tena. Ni afadhali ukate chupa za maji za plastiki angavu ukazitumia zote kisha ukatupa.

Kuna kitu ambacho vijana wengi hukimbilia, nacho ni maji ya betri ya gari. Usiyaguse. Ni asidi ya salfuriki, zaidi ya theluthi ya uzito wake ni asidi yenyewe, na yale yanayotoka kwenye betri chakavu yana risasi ndani yake. Siki itakufundisha yaleyale polepole zaidi, na upole huo ndio unaotakiwa na mtu anayeangalia. Shuleni mkilazimika kupunguza makali ya asidi kali, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku mnakoroga. Ukimimina maji juu ya asidi, joto linalotoka linayachemsha palepale na matone yanakurukia usoni. Betri za tochi nazo usizipasue kutafuta zinki. Msumari wa bati unatosha.

Jingine ambalo watu hulidharau ni chokaa. Kila mtu anaogopa asidi, kumbe jicho linaumizwa vibaya zaidi na alkali, yaani kinyume cha asidi, na chokaa ni mojawapo, maana inaendelea kupenya ndani. Ikikuingia jichoni, fungulia maji safi yapite kwa dakika 15 au zaidi huku kope zimeshikwa wazi, kisha hospitali bila kusubiri kuona kama itapoa yenyewe.

Kiashiria cha rozela

Kabla ya kugusa metali, pata kitu cha kukuambia kipi ni asidi na kipi ni alkali.

1. Chukua rozela kavu ujazo wa kiganja, mimina juu yake maji yaliyochemka ujazo wa kikombe, funika kwa robo saa.
2. Chuja. Utapata maji mekundu mazito. Yaongeze maji hadi yawe mepesi kiasi kwamba ukishika maandishi nyuma ya glasi unayasoma.
3. Gawa kwenye vyombo vidogo, vidole viwili kila kimoja.
4. Ongeza kitu kimoja kwenye kila chombo: matone ya ndimu, siki, maziwa mgando, maji ya bomba, bikaboneti, sabuni ya mche iliyokwanguliwa, maji ya majivu yaliyochujwa, maji ya chokaa. Kimoja kiache bila kitu, kiwe cha kulinganishia.

Ndimu na siki huacha wekundu au huukoleza. Bikaboneti huleta zambarau iliyofifia inayoelekea bluu. Majivu huleta kijani, na chokaa huanza kijani kisha ukiiacha huelekea manjano, kwa sababu rangi yenyewe ya ua huharibika kwenye alkali kali. Kwa namba za pH (kipimo ambacho chini ya 7 ni asidi na juu ya 7 ni alkali), ndimu iko karibu na 2, bikaboneti juu kidogo ya 8, maji ya chokaa zaidi ya 12. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo tofauti kati ya ndimu na maziwa mgando, ambayo ulimini unaiona ndogo, ni ya mara mia na ushee.

Manjano ya kupikia nayo ni kiashiria, ila cha upande mmoja. Kwenye asidi hubaki ya njano, kwenye alkali hugeuka nyekundu ya damu ya mzee. Waliowahi kudondosha mchuzi wa bizari kwenye shati jeupe na kulipaka sabuni wameshaliona hilo. Doa halijazidi, limebadilika rangi tu, na tone la ndimu linalirudisha. Bitiruti usihangaike nayo, wekundu wake haubadiliki mpaka ufike kwenye alkali kali sana.

Kwa walio Iringa na Njombe, ulanzi, pombe ya mianzi, ni somo lenyewe. Ule uliogemwa leo, mtamu, una sukari nyingi na uchachu mdogo. Acha kikombe kimoja siku chache kisha pima vyote viwili: wa zamani unakoleza wekundu zaidi, kwa sababu wadudu wa uchachu wamegeuza sukari kuwa pombe na wengine wameigeuza pombe kuwa asidi ileile ya siki. Kupima tu kunatosha, wanafunzi.

Metali nne ndani ya siki

Piga msasa kila metali mpaka ing'ae, isipokuwa msumari wa bati, huo ufute mafuta kwa sabuni tu, maana zinki yake ni ngozi nyembamba na msasa utaiondoa yote. Hatua hii ya msasa ndiyo wengi wanairuka, halafu wanasema jaribio limekataa. Waya wa shaba mwingi una vanishi usiyoiona, na msumari mpya una mafuta ya kiwandani.

Weka siki kwenye vyombo vinne kwa kimo kimoja. Zamisha msumari wa bati, msumari wa kawaida, shaba na alumini kwa wakati mmoja. Usitikise. Sogeza macho karibu, mwanga uwe nyuma ya chombo.

Msumari wa bati ndio utakaoanza. Baada ya dakika chache utaona vipovu vidogo vimeng'ang'ania kwenye kichwa na kwenye ncha, pale palipochongwa. Vinakua, vinaachia, vinapanda juu, vingine vinazaliwa mahali palepale. Hiyo ni haidrojeni. Zinki inaingia kwenye siki na kuifukuza haidrojeni iliyokuwa sehemu ya asidi, ndiyo maana tunaandika: metali + asidi → chumvi + haidrojeni. Ukiuacha mpaka kesho, kijivu cha kung'aa kitakuwa kimekwisha, umebaki msumari mweusi mweusi, na vipovu vimepungua kwa sababu sasa siki inapambana na chuma.

Msumari wa kawaida unachelewa. Vipovu vyake ni vichache na vidogo sana, na bila subira utaandika kwenye daftari kwamba hakuna kilichotokea. Uache nusu saa, kisha angalia tena. Shaba haifanyi kitu, hata ukikaa nayo mchana kutwa. (Ikiwa sehemu ya waya imechomoza nje ya siki, baada ya siku kadhaa utaona ukijani pale maji yanapokutana na hewa. Hapo oksijeni ya hewani ndiyo iliyoisaidia asidi. Ukijani huo ni sumu, na ni sababu tosha ya kutohifadhi achari au maji ya ndimu kwenye vyombo vya shaba.)

Halafu kuna alumini, ambayo kwenye orodha ya kitabu iko juu ya zinki, nayo imetulia tuli kabisa. Wanafunzi huinua mikono: mwalimu, kitabu kimekosea! Hakijakosea. Alumini ikigusa hewa hujivika palepale tabaka jembamba la oksaidi, gumu na lisilopitisha kitu. Ukilipiga msasa linarudi kabla hujaweka kipande ndani ya siki. Siki haina ubavu wa kulitoboa kwa haraka. Weka jibu hili pembeni, jaribio lijalo litalivua hilo koti.

Neno moja kuhusu baridi. Mwezi wa Juni na Julai, Makete, Njombe au Uyole asubuhi, siki iko na nyuzi kumi na kitu tu na jaribio litakuchosha. Weka vyombo vyako ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Kasi ya mmenyuko wa aina hii huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo ukitenga chombo kimoja nje ya beseni umepata somo la pili bila gharama. Lakini usiichemshe siki. Mvuke wake unachoma koo.

Habari ya kujaribu haidrojeni kwa kiberiti iachwe kwa mwalimu na mrija mmoja mdogo wa majaribio, pale inapotoa kijimlio kifupi. Kuikusanya kwenye chupa au puto na kuiwasha ni kutafuta kuungua.

Mrututu hauongopi

Hapa ndipo orodha inapojipanga yenyewe. Yeyusha nusu kijiko cha chai cha mrututu kwenye glasi moja ya maji ya mvua. Gawa kwenye vyombo vinne. Weka metali nne mpya, zilizosafishwa kama mwanzo.

Msumari wa bati hubadilika karibu mara moja: unakuwa mweusi, kisha unavaa kitu cha kahawia kilicholegea kinachodondoka ukiugusa. Msumari wa kawaida nao ndani ya dakika tano hupata rangi ya waridi na kahawia kutoka ncha hadi kichwa. Hiyo si kutu. Ni shaba. Chuma kimeingia kwenye maji na shaba imetolewa nje ikashika juu ya msumari:

Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu

Uache usiku kucha ukiwa na misumari miwili mitatu, na asubuhi bluu itakuwa imefifia na maji yameelekea kijani hafifu, rangi ya chumvi ya chuma. Waya wa shaba hautabadilika; shaba haiwezi kuifukuza shaba mwenzake. Mpaka hapo una mpangilio wa uhakika: zinki juu, chuma katikati, shaba chini.

Rudi kwa alumini. Itakaa kwenye bluu bila kufanya lolote. Sasa ongeza chumvi ya mezani nusu kijiko, koroga taratibu, uangalie. Kloridi iliyomo kwenye chumvi inalitoboa lile tabaka la oksaidi. Ndani ya muda mfupi utaona madoa ya kahawia yenye vipovu, maji yanapata joto mkononi, na kama kipande ni chembamba kinaanza kutoboka. Ile metali iliyokuwa imelala ndiyo inayofanya fujo kuliko zote. Fanya hili nje, kwa kiasi kidogo, chombo kikiwa wazi, usikisogelee kwa uso. Ndipo mwanafunzi anapokubali kwamba alumini inastahili nafasi yake juu ya zinki.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi au Rungwe anayechanganya mrututu na chokaa kunyunyizia mikahawa anaijua sheria hii hata kama hajawahi kuisoma: mrututu huchanganywa kwenye ndoo ya plastiki. Kwenye ndoo ya bati dawa inaachia shaba ukutani mwa ndoo, mkulima ananyunyizia chumvi ya zinki na ndoo inavuja kabla ya msimu kuisha.

Ukimaliza, usimwage mabaki kwenye mfereji. Shaba huua samaki hata ikiwa kidogo. Tumbukiza waya wa kusugulia masufuria kwenye maji yaliyobaki, uache siku mbili hadi bluu yote iishe. Kilichobaki fukia mbali na kisima na bustani.

Metali zilizo ardhini kwetu

Sasa itazame mikoa yetu kwa orodha uliyoipanga. Dhahabu ya Chunya hupatikana ikiwa dhahabu tupu, punje ndani ya mwamba au mchangani, kwa sababu iko chini kabisa na haikubali kuungana na oksijeni wala maji kwa mamilioni ya miaka. Chuma cha Liganga, kule Ludewa, kiko kwenye mwamba kikiwa kimeungana na oksijeni, pamoja na titani na vanadi, kwa hiyo kukipata kunahitaji kaboni na moto mkali wa kuinyang'anya oksijeni. Chuma tupu kilicholala juu ya ardhi yetu ni kile kilichotoka angani: kimondo cha Mbozi, takriban asilimia 90 chuma na 8 nikeli, kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Shule za Mbeya na Songwe zinazokwenda kukiona ziende na sumaku ndogo, na ziache nyundo nyumbani.

Sufuria, bati na kutu

Alumini ina udhaifu wa pili ambao zinki pia inao: inaliwa na asidi na inaliwa na alkali pia. Magadi kwenye maharage au makande ni alkali. Yanalivua lile tabaka la oksaidi, ndiyo maana sufuria hutoka ikiwa ya kijivu kilichokolea au nyeusi kwa ndani. Ukipika humo nyanya au kukamulia ndimu, inang'aa tena, na huo mng'ao umeingia kwenye mchuzi. Kwa pishi la siku moja kiasi chake ni kidogo. Ila kulaza chakula chenye ndimu au magadi kwenye sufuria ya alumini usiku kucha sikushauri. Kihamishie kwenye bakuli la plastiki au udongo.

Kwa watengeneza sabuni hili ni jambo la usalama kabisa. Kostiki soda ikiwekwa kwenye sufuria ya alumini haingoji: inachemka, inatoa haidrojeni, joto linapanda, na sufuria inaweza kutoboka ikakumwagikia miguuni. Ndoo ya plastiki ngumu, mwiko wa mti, na kostiki inaingia kwenye maji ya baridi, kamwe si maji kumiminwa juu ya kostiki.

Kuhusu kutu, jaribio la kitabuni la mirija mitatu linajulikana: msumari kwenye hewa kavu, msumari kwenye maji ya wazi, msumari kwenye maji yaliyochemshwa yakafunikwa mafuta. Mbeya mjini maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, lakini hewa iliyoyeyuka ndani bado hutoka, kwa hiyo chemsha dakika kumi na uwe na amani. Mimi napenda zaidi lifuatalo, kwa kuwa linaonyesha orodha ya metali ikifanya kazi.

Weka maji ya chumvi kwenye vyombo vitatu. Cha kwanza kiwe na msumari wa kawaida peke yake. Cha pili, msumari uliozungushiwa waya wa shaba kwa kukaza. Cha tatu, msumari wa kawaida uliofungwa pamoja na msumari wa bati kwa uzi, zikigusana. Angalia baada ya siku mbili au tatu. Wa shaba umeoza kwa kutu kuliko wa peke yake. Ule uliofungwa na zinki bado uko safi, na badala yake msumari wa bati ndio uliotoa unga mweupe. Metali mbili zikigusana ndani ya maji, iliyo juu kwenye orodha huliwa kwanza na kuikinga iliyo chini.

Hivyo ndivyo bati la nyumba linavyoishi. Likikwaruzwa kidogo, zinki iliyo pembeni inaendelea kulinda chuma kilichofunuliwa. Linapokuja suala la mvua kama za Tukuyu, tofauti hiyo ni miaka. Kwa hiyo usipitishe wala kufunga waya wa shaba juu ya bati, na saruji mbichi ikidondokea juu yake ioshe kabla haijakauka, maana saruji ni alkali.

Chokaa: nzima au imekufa?

Koroga kijiko kimoja cha chokaa ya kupaka kwenye nusu lita ya maji, funika, acha hadi kesho, kisha mimina taratibu maji angavu ya juu. Yapulizie kwa mrija wa soda: yanakuwa meupe. Pumzi yako ina kaboni dayoksaidi, nayo ikikutana na chokaa inatengeneza kalisi kaboneti isiyoyeyuka, jiwe lilelile linalochimbwa Songwe kwa ajili ya saruji. Yasipokuwa meupe, tatizo ni chokaa yako. Ilikaa wazi ikavuta hewa, yote imeshageuka jiwe la unga. Ihakikishe kwa siki: tone juu ya chokaa nzima halitoi povu la maana, juu ya iliyokufa linachemka.

Ukiendelea kupuliza gesi, hasa ile ya siki na bikaboneti iliyoongozwa kwa mpira mwembamba, weupe utaisha na maji yatakuwa angavu tena. Yachemshe, weupe unarudi. Gamba jeupe ndani ya birika ni hilohilo, na mawe ya Songwe yalitokea kwa njia hiyo: maji ya moto yenye gesi yaliyeyusha kalisi kaboneti chini, yakatoka juu, gesi ikapotea hewani, jiwe likabaki. Gesi hiyo kwetu haina uhaba. Wilayani Rungwe inatoka ardhini yenyewe na inavunwa kwa ajili ya soda.

Udongo wa shamba

Mvua nyingi za nyanda hizi huosha kalisi na magnesi kutoka kwenye udongo, na mbolea zenye amonia kama SA na DAP huongeza asidi mwaka hadi mwaka. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyofungwa kwenye mfinyanzi huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi ya mahindi na maharage. Chai ya Mufindi na Rungwe inafurahia hali hiyohiyo, pH 4.5 hadi 5.5, kwa hiyo usimwige jirani mwenye chai.

Kupima nyumbani, changanya sehemu moja ya udongo na mbili za maji ya mvua, tikisa, acha itulie, pitisha maji ya juu kwenye kitambaa au pamba safi. Rozela hapa haifai, kwa kuwa ina asidi yake yenyewe itakayouzidi udongo. Tumia kabichi ya zambarau iliyochemshwa: pinki ni asidi, zambarau ni katikati, bluu na kijani ni alkali. Ni kipimo cha kukadiria tu. Hakitakuambia mifuko mingapi ya chokaa.

Chokaa yenyewe ya shamba ni ile ya kilimo, ya mawe yaliyosagwa, ambayo hutoa povu ikidondoshewa siki. Ya aina ya dolomaiti povu lake ni la uvivu. Na usiiweke siku moja na SA wala DAP. Ukitaka kujua sababu, changanya chembe za SA na chokaa ya kupaka kwenye kifuniko, tone moja la maji, kisha pitisha mkono kuvuta harufu kuelekea puani bila kuinama: amonia inayokupiga ni naitrojeni uliyoilipia, inapaa.

Kabla ya kununua tani, peleka sampuli maabara ya udongo, kwa mfano Uyole. Chimba sehemu kumi hivi ukizunguka shamba, kina cha sentimita 20, epuka palipochomwa mkaa, penye kichuguu na palipolala mbolea ya ng'ombe. Changanya zote kwenye ndoo ya plastiki, anika kivulini, toa nusu kilo, na juu ya mfuko andika jina la shamba, zao la mwaka jana, na zao unalotaka kupanda.